Poda ya Papa Nusu

Katika mtaa mzima wa Nyalukemba, mjini Bukavu, aliyemwita Papa Raphaël kwa jina lake la ubatizo alikuwa padri peke yake, tena Jumapili tu. Kwa wengine wote alikuwa Papa Nusu. Jina hilo alilipata zamani za Zaïre, alipokwenda na rafiki yake Théodore kupanda Ruwenzori, mlima wenye theluji, wakarudi kabla ya kuigusa. Walirudi wote wawili, lakini jina lilimng'ang'ania mmoja, maana mwenye mdomo alikuwa Théodore. Tangu hapo hapakuwa na ndoa wala ubatizo ambapo Tonton Théodore hakusimama, chupa mkononi, kusimulia jinsi magoti ya Raphaël yalivyolegea na theluji iko pale pale mbele ya pua. Watu walicheka hadi machozi. Papa Raphaël naye alicheka, kisha akajitia kuwafungulia wengine soda. Aliyembana sana kwa maswali alipata jibu moja tu, kwamba alichoka: "Nilichokaka."

Binti yake Pascaline hakucheka. Shuleni watoto walipiga hesabu yao wenyewe: mtoto wa Nusu ni Robo. Robo akabaki Robo hadi alipofungua saluni yake Ibanda, na hata huko wateja walimtania huku akiwasuka. Siku moja akaapa: atapanda mlima ule, ataigusa theluji kwa mkono wake, na jina la baba lifutike. Mtoto akifika, na baba amefika.

Akapata wenzake wawili. Gentil alikuwa kocha wa timu ya vijana wa parokia, mtu wa kifua kikubwa na sauti kubwa kuliko kifua. Charlène alikuwa muuguzi, na maneno yake yalikuwa haba kama dawa ya bei kali. Mazoezi hayakuwapa taabu, Bukavu haijawahi kukosa mteremko. Kila asubuhi walipanda kutoka ziwani hadi barabara kuu na bidoni za maji mgongoni, akina mama wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakiwauliza kama mabomba yao yamekauka.

"Siye tulizaliwa ku mulima," Gentil aliwajibu. "Ule Ruwenzori njo itatuogopa!"

Basi wakavuka mto Ruzizi, wakaikata Rwanda, wakaingia Uganda, basi moja baada ya jingine, mpaka wakaufikia mlima kwa upande wa kule, wakakodi mwongoza njia na msaidizi wake. Mlima wenyewe una tope kuliko Bukavu mwezi wa nne, na hilo si jambo dogo. Mwanzoni Gentil aliimba. Kisha akapiga mluzi. Kisha akanyamaza, na hapo ndipo Charlène alipoanza kumtazama kwa jicho la kazi.

Kutoka kibanda cha mwisho, kulipopambazuka, theluji ilikuwa mbele yao, nyeupe kama shuka la hospitali lililoanikwa juu ya mawe. Pascaline aliiona, moyo ukamruka. Nyuma yake Gentil alikuwa akiyumba kama mlevi aliyetoka kwenye kasiksi, pombe ya ndizi. Akatapika juu ya viatu vyake, kisha akamwita Charlène "mama".

"Huyu anashuka," Charlène alisema. "Sasa hivi. Hewa ya huku ni nyepesi, imemshinda. Akibakia, atakufa."

Mwongoza njia alitoa shauri lake: Charlène na msaidizi wamshushe mgonjwa, yeye aendelee na Pascaline. Hapakuwa mbali tena.

Pascaline aliitazama theluji. Hakuwahi kutaka kitu kama alivyoitaka ile. Kisha akamtazama Gentil, jitu zima, msaidizi mfupi, Charlène mwembamba, na mawe yanayoteleza kuliko sabuni. Alikasirika. Aliukasirikia mlima, akamkasirikia Gentil, na Mungu naye kidogo. Halafu akauchukua mkono wa Gentil, akautia begani kwake, wakaanza kushuka.

Jioni, huko chini penye hewa nzito, akili ya Gentil ilirudi, na aibu ikarudi nayo.

"Pasca, nakuomba, usiambie mutu. Bale batoto ba équipe batanicheka mpaka ku kaburi."

"Sitasema."

"Bon, na bakikuuliza?"

"Nitasema nilichoka."

Neno likamtoka, na masikio yake yakalitambua. Alisimama katikati ya tope asiweze kupiga hatua. Gentil akadhani sasa ni zamu yake kuugua, akaanza kumwita Charlène kwa kelele.

Nyumbani uani palijaa watu. Mezani palikuwa na kopo la poda, kama ile wanayomwagiwa kichwani vijana waliofaulu mtihani wa taifa. Papa Raphaël alikuwa amelinunua mwenyewe. Tonton Théodore alikaa kiti cha mbele.

"Pascaline! Uligusa ile theluji?"

"Hapana, tonton. Nilichoka."

Ua ukalipuka kwa kicheko. "Robo! Robo!" Gentil alikuwa nyuma yake, anaangalia viatu vyake, na machozi yanamtoka bila kuyafuta.

Papa Raphaël hakucheka. Alimtazama Gentil, kisha akamtazama binti yake.

"Bote mulirudia bazima?"

"Bote, papa."

"Basi ulifika."

Akafungua kopo, akammwagia poda kichwani mpaka nywele zikawa nyeupe. Akina mama wakapiga vigelegele, hata wasijue ni vya nini. Pascaline alikuwa analia na kucheka pamoja, na poda inamwingia mdomoni. Hapo akaona kwamba Tonton Théodore hacheki. Alikuwa anamkodolea macho Gentil kama mtu aliyekutana na picha yake ya zamani. Akaweka chupa chini, akainuka, akalichukua kopo mkononi mwa rafiki yake.

"Raphaël, inama."

"Wacha, Théodore. Ile ilikuwaka zamani."

"Inama, nakuambia!" Akawageukia watu, na sauti yake ile ya harusini ilikuwa imepungua. "Magoti yenye ililegeaka, ilikuwa ya miye. Yeye alinibeba."

Hakuna aliyecheka. Poda ikamwagika yote, ikamjaa Papa Raphaël kichwani, mabegani, hata kwenye nyusi. Mzee alipiga chafya mara mbili. Kisha akakaa kwenye kiti cha mbele, akaomba mtu amfungulie soda.