Msindikizaji wa Bertila

Siku ya nne, taya la Bertila lilikuwa limevimba hata uji haukupita. Angetoka Usoke mapema, lakini tumbaku ilikuwa ndani ya bani, na moto wa kukaushia tumbaku hauachwi peke yake. Ulipozimwa ndipo wakapanda treni kwenda Tabora. Mumewe Lugembe alimshika kichwa njia nzima, kwa sababu alimpenda.

Kwenye kliniki ya meno, nesi Pelagia aliwasomea karatasi ya maswali yanayoulizwa sana. Je, gego la mwisho ni lazima ling'olewe? Likikosa nafasi, ndiyo. Je, inauma? Kuna sindano ya ganzi. Je, naweza kuja peke yangu? Hapana, njoo na mtu wa kukusindikiza.

"Msindikizaji ni mimi," alisema Lugembe. Nesi alimtazama mabega, yaliyozoea marobota ya tumbaku, akaandika jina.

Daktari Ambrosi alilishika gego kwa koleo, akavuta. Likatoka, likaendelea kutoka, jeupe, limepinda, mpaka ncha ikafika mlangoni. Lilikuwa pembe nzima ya ndovu.

"Ya chini huwa marefu," alisema daktari, akifuta jasho. "Uma pamba, mama."

Wapagazi wa msafara wa pembe walikuwa wameshafika barazani, wamevaa kaniki, na vumbi la miaka mia na hamsini miguuni. Lugembe aliwaambia shikamooni, wakaitikia marahaba. Mnyapara wao alieleza kwamba mmoja ameanguka karibu na Itetemia, wamemwacha kando ya njia bila kaburi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mnyapara mwenyewe hakubeba kitu.

"Wewe Mnyamwezi?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee."

Mnyapara aliitazama tu ile pembe iliyolala sakafuni. Lugembe alilelewa kutouacha mzigo wa mkubwa ukae chini, akainama, akaiweka begani. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote.

Bertila alitaka kupiga kelele, lakini mdomo ulikuwa na ganzi na pamba, ikatoka damu tu. Msafara ukashika njia ya pwani. Simu ya Lugembe iliita siku mbili bila kupokelewa, ya tatu ikazima.

Baada ya wiki moja Bertila alirudi kliniki kutolewa nyuzi.

"Mume wangu atarudi lini?" aliuliza.

Nesi Pelagia aliipitia karatasi juu mpaka chini, mara mbili. Humo mlikuwa na lini nitakula ugali, lini nitasukutua kwa maji ya chumvi, lini uvimbe utashuka.

"Hilo halimo, mama," alisema kwa upole. "Ila picha ya meno inaonyesha gego la kushoto nalo limelala. Njoo Ijumaa. Njoo na mtu wa kukusindikiza."

Nje, Marcelina, dada yake Bertila, alisimama kumpokea mfuko.

"Wamesemaje? Kama kuna siku nyingine, nitakuja nawe."

Gego la kushoto lilikuwa limeanza kupwita mpaka sikioni. Bertila alimtazama dada yake mabega.

"Nimepona," alisema, kwa mdomo uliofunguka nusu tu.