Namgusa Tu

Mimi mpaka leo sijui nilifanya jema au baya, na mniache niseme, msinikatize. Mwaka 2014 walikuja hapa Kasulu watu wa redio na semina yao, wanatafuta visa vya wanawake wanaopigwa majumbani ili watunge mchezo. Sisi mafundi cherehani tuliitwa kwa sababu, walisema, wanawake wakipimwa gauni hufungua na moyo. Hilo ni kweli.

Nikawapa kisa cha mdogo wangu Aneth, aliyeolewa na Bazilio kule Kitahana, Kibondo. Nikawabadilisha majina. Nikawaeleza mumewe anavyompiga kwa mpini wa jembe, halafu ndugu wakikaa kikao anasema, "Nimemgusa tu." Wakaliandika hilo neno, wakalipigia mstari. Kisha binti mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Ikaishaje?"

Ikaishaje! Ilikuwa imeisha basi? Aneth alikuwa bado anaguswa. Nikaona aibu, nikabuni palepale: siku moja mwanamke akaficha nguo zake kwenye gunia la maharage, akatoka nalo kama anakwenda sokoni, akapanda basi, akaenda kwa dada yake fundi cherehani. Wote wakapiga makofi. Mimi nikamalizia andazi langu.

Mchezo ukaanza kurushwa kila Alhamisi saa kumi jioni. Aneth akanipigia simu, nikajua leo natukanwa. Wapi!

"Dada, Bazilio anaupenda huo mchezo mpaka nashangaa. Anaita majirani. Anamsema yule mume, eti mwanaume gani huyo, hana haya."

"Na lile neno lake amelisikia?"

"Amelisikia. Akacheka."

Mtu anajisikia mwenyewe redioni na hajijui, huyo utamfanya nini? Nilitaka kumwambia Aneth kwamba msimuliaji ni mimi, nikaishia kumuaga. Nilidhani hajui.

Alhamisi ya mwisho mwanamke wa redioni akaondoka na gunia, vilevile nilivyobuni. Niliposikia "kwa dada yake fundi cherehani," sindano ikanichoma kidole. Nikajiambia, Loyce, mjinga wewe! Umemwonyesha mtu njia mpaka mlangoni.

Ijumaa saa nne asubuhi, Bazilio huyo. Viatu vyekundu kwa vumbi, macho yamemtoka. Akainama, akapiga makofi kwa adabu kama siku aliyoleta posa.

"Mwakeye, shemeji."

Nikaitikia salamu, nikamuuliza kuna nini.

"Nimechanganyikiwa, shemeji. Jana tunasikiliza redio, mwanamke anatoka na gunia. Nikamwita Aneth, njoo usikie vituko! Kimya. Naingia ndani, maharage yamemwagwa sakafuni, gunia halipo."

Nikakaa kwenye cherehani. Aneth kwangu hakuwepo. Hakufika, hakupiga simu. Sasa yuko wapi mtoto wa mama yangu? Nikaapa kwamba simjui alipo, na kiapo kilikuwa cha kweli, lakini Bazilio alishaingia chumbani, anachungulia mvunguni.

"Redio imesema kwa dada yake," akasema akitoka.

"Ile ni hadithi, Bazilio! Au umeona yule mume ni wewe?"

"Mimi?" Alishangaa kweli, wallahi hakuwa anaigiza. "Shemeji, yule anapiga. Mimi namgusa tu."

Simu yangu ikaita, namba ngeni. Nikaipokea huku nakanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie.

"Dada." Alikuwa Aneth, anaongea chinichini. "Ameshafika?"

"Ndiyo, mama. Gauni lako lipo."

"Lipo hapo hapo?"

"Hapa mbele yangu."

Akashusha pumzi. "Basi usinitafute. Siku ile ya kwanza tu, niliposikia 'nimemgusa,' nilijua msimuliaji ni wewe. Na nilijua Bazilio ataifuata redio. Nilijificha kwa jirani, nikisubiri aondoke yeye kwanza. Basi langu linakwenda upande mwingine, saa hii wanapakia mizigo. Mshike hapo, dada, hata kwa muda wa saa mbili."

Simu ikakatika. Nikafuta uso kwa kipande cha kitambaa, nikachukua futi ya kupimia.

"Shemeji," nikamwambia, "suruali hiyo imechakaa. Simama wima nikupime."