Kwao Mama Hakujaandikwa

Daktari kule Njombe alipowaambia wamrudishe mgonjwa nyumbani Makambako, Dorosela alielewa. Tangu kiharusi kimpige, mama yake hakuwa ametamka neno. Kilichobaki hai ni macho na mkono wa kushoto.

Mchana uleule wanawake wa kikundi cha kuzikana wakaja, wakajibana kwenye mkeka. Esnath, katibu wao, akafungua daftari. Kila mwanachama ameandikiwa kwao, mahali pa kupelekwa siku yake ikifika. Kwa mama yake Dorosela palikuwa patupu. Miaka yote mama huyo akiulizwa alijibu, "Nitawaambia."

"Kwenu ni wapi, mwanangu?" Esnath akamuuliza Dorosela.

"Sijui, mama. Nilikuja mdogo. Alisema tu kwamba tulivuka mpaka."

"Mipaka iko mingi."

Mama Noela, mmoja wa wanakikundi, akasema, "Tumsimulie ya kwetu. Huenda akasikia jina, akatuonyesha."

Akaanza mwenyewe: alitoka Tandala juu ya magunia ya viazi, mume akimwambia Makambako kuna joto.

"Na wewe Mkinga mzima ukaamini, na baridi yote hii," Devotha akamchokoza. Wakacheka kidogo. Devotha naye alitoka Mchuchuma, alikochoka kusubiri makaa ya mawe yachimbwe. Kisha Zita akasimulia polepole alivyovuka kutoka Malawi, mtoto mgongoni, sufuria kichwani.

Mkono wa mama ukavibana vidole vya Dorosela.

"Malawi, mama?"

Ukabana. Esnath akashusha kalamu.

Dorosela akaogopa. "Au Tandala?"

Ukabana vilevile.

"Mchuchuma?"

Ukabana. Esnath akainua kalamu tena.

Dorosela hakuwahi kuzungumza mbele ya watu. Sasa akaanza, macho yake chini. Alikumbuka lori limeharibika hapa njia panda, baridi, na mwanamke asiyemjua akiwapa uji. Mama alisema watalala siku moja tu, kesho wataendelea na safari. Asubuhi mama akaenda kumsaidia yule mwanamke kuchagua viazi, wakabaki.

"Mlikuwa mnaelekea wapi?" Zita akauliza.

"Hakuniambia."

Machozi yakamtoka mama upande mmoja wa uso. Mkono ukabana sana, na hakuna aliyejua unajibu nini.

"Niandike wapi, mwanangu?" Esnath akauliza kwa sauti ya chini.

"Nisubiri kidogo, mama."

Esnath akasubiri. Dorosela akaendelea kutaja majina ya mahali, yote aliyowahi kuyasikia stendi, hata Uwemba, hata Njombe, mpaka mkono ule ukaacha kubana na macho yakatulia.