Tepe Tatu za Otakar

Mjomba wangu Otakar Marek alikuwa na wivu jinsi watu wengine walivyo na pumu: ulimbana, ukamwachia, ukarudi tena. Na aliyemwonea wivu hasa ni mtu mmoja tu, Julius Sladek, mtoto wa mama yake mdogo. Walilelewa katika nyumba zinazotazamana hapa Lidkov, kijiji chetu cha Wacheki huku Texas. Walibatizwa na padri mmoja, na kila Jumamosi wakigombania kucheza dansi na msichana mmoja, Albina Kocurek.

Vita vilipokuja waliitwa pamoja, wakapangwa kombania moja ya kutengeneza magari ya jeshi. Otakar alikuwa fundi tangu utotoni. Ungemfumba macho ukawasha gari nyuma ya ghala, angekutajia aina yake na mahali linapoumwa, na angekutajia kwa maringo, maana unyenyekevu hakujaliwa. Julius hakujua hata kubadilisha plagi, lakini alikuwa na sauti, na akisema twende, watu walikwenda.

Jeshi likawapa wote wawili usajini, ila si usajini wa aina moja. Julius alipata tepe tatu tupu. Otakar alipata tepe tatu na chini yake herufi T, alama ya mafundi. Mshahara ulikuwa uleule, na wote waliitwa Sajini. Lakini mwenye T kazi yake ilikuwa spana. Kuamuru watu ilikuwa kazi ya wengine, na kwenye gwaride Otakar alisimama pale Julius alipomwambia asimame.

"Jamani, mnajua hiyo T ni ya nini?" Julius aliuliza siku moja mbele ya wenzao wakinywa kahawa. "Ni ya Tulia! Tulia hapo, Sajini, wakubwa wanaongea."

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Otakar naye alicheka, maana ukikasirikia utani, umekwisha wewe. Lakini usiku huo hakulala. Na mama yake, bibi yangu, akaja kummaliza kabisa. Alipotumiwa picha za wote wawili aliandika akiuliza kwa masikitiko: je, hiyo herufi mwanawe amewekewa kwa kosa gani?

Desemba ya mwaka arobaini na nne walikuwa Ubelgiji. Otakar alipata ruhusa ya siku moja kwenda mjini, na huko kulikuwa na mpiga picha. Kabla ya kuingia alikaa kwenye ngazi, akatoa wembe, akaichomoa ile T uzi baada ya uzi, kwenye mikono yote miwili ya koti. Akapigwa picha kifua mbele, bega limegeuzwa ili tepe zionekane vizuri. Picha hiyo ilikuwa ya Albina. Nia yake ilikuwa kuishona T tena kabla hajarudi kambini.

Hakuwahi. Asubuhi ya pili yake Wajerumani walikuwa wamevunja mstari wa mbele, na barabara zote zilijaa magari yakirudi nyuma. Otakar alikuwa akitafuta kombania yake katika ukungu aliposimamishwa na kapteni mmoja asiyemjua.

"Wewe, Sajini! Una watu?"

"Sina, Afande."

"Sasa unao. Wachukue hawa, ulinde lile daraja mpaka vifaru vyetu vifike."

Hawa walikuwa wapishi, makarani na madereva, kila mmoja ameshika bunduki kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Otakar alikuwa na nafasi ya kusema: mimi ni fundi, Afande, mtafute mwingine. Neno lilifika kooni, akalimeza. Akawapanga watu, huyu nyuma ya ukuta, yule kwenye shimo, na walimtii. Aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake hakuna kilevi alichokunywa kilichompanda namna ile.

Saa chache baadaye likaja lori, na ndani yake alikuwamo Julius. Kapteni akamwelekeza darajani bila kumtazama mara mbili: "Nenda kwa sajini yule. Hapo yeye ndiye mkubwa."

Julius akaja. Akaziangalia tepe za Otakar, akamwangalia usoni.

"Kumbe!" alisema. "Haya, Sajini. Unanitaka wapi?"

Otakar alitafuta dhihaka katika sauti ile, hakuipata, na hilo likamuudhi zaidi kuliko matusi. Akamweka kando kwanza, kama mtu anayeweka akiba.

Ndipo ukasikika mlio wa injini ng'ambo ya mto, nyuma ya kona ya barabara. Mpishi mmoja akauliza, "Hivyo si vifaru vyetu?"

Otakar alisikiliza kidogo.

"Lazima mtu akaangalie," alisema. "Julius, nenda wewe."

Julius akafunga vizuri mkanda wa kofia, akavuka daraja. Alipofika kwenye kona bunduki ya rashasha ikalia, akaanguka, akajiburuta mtaroni huku goti limesagika. Watu wa Otakar wakafyatua ovyo, lakini walifyatua kwa wingi, na vifaru vyetu vilifika kabla daraja halijachukuliwa. Kapteni akamshika Otakar mkono. Kesho yake mkuu wa kombania yake alimtazama bega, akasema tu, "Marek, kashone herufi yako."

Julius alirudishwa nyumbani. Otakar aliporudi mwaka uliofuata, Albina alikuwa ameshachumbiwa na yule anayechechemea. Kuhusu yale ya darajani hapakusemwa neno kijijini zaidi ya kwamba Julius aliumia kishujaa. Akiingia kanisani, wazee walimsogezea kiti. Mjomba wangu aliona wivu hata kwa mguu ule mbovu. Yeye alifungua gereji, akaoa mke mwema, hawakupata mtoto, akawa mjane. Jeshi lilipozifuta T zote mwaka wa arobaini na nane alisema, "Afadhali," akaingia chini ya gari.

Miaka ikapita. Walizeeka wakicheza domino kila Jumanne, wakitaniana, na mimi nikidhani yamekwisha.

Mwaka wa tisini na moja Darlene, mjukuu wa Julius, alirudi kutoka vita vya Ghuba. Niliwapikia wote, mjomba, Julius na mkewe Albina, na msichana mwenyewe, supu ya tambi, soseji na maandazi ya plamu. Msichana alikuja na sare yake, cheo chake Mtaalamu.

"Mtaalamu maana yake nini?" Otakar aliuliza. "Unaamuru watu?"

"Hapana, Babu Otakar. Natengeneza helikopta."

"Zamani ungekuwa na tepe mbili na T," alisema Julius, akicheka. "Huyu amekufuata wewe, bwana. Kwangu kachukua pua tu."

Uso wa mjomba uling'aa, kisha nikaona ukikunjamana, maana hata hivyo msichana hakuwa wake. Darlene akaeleza kwamba siku hizi anaijua helikopta kwa mlio tu, kabla haijaonekana. Otakar hakuweza kuvumilia kupitwa.

"Aa, mwanangu, hilo kwangu lilikuwa mchezo! Nilikuwa naijua injini ya Mjerumani toka nyuma ya kilima. Sikukosea hata mara moja."

Julius akaweka uma chini.

"Hata mara moja?"

Otakar akaanza kukata soseji yake vipande vidogovidogo.

"Pale darajani," alisema Julius, "uliisikia?"

"Niliisikia."

"Ukajua si wetu?"

"Nilijua."

Albina alishika ukingo wa meza. "Ilikuwa kwa sababu yangu?"

"Hapana," alisema mjomba. "Nilitaka kumwona akitii. Basi. Ilikuwa kwa sababu ya zile tepe."

"Siku ile niliona T haipo," Julius alisema polepole. "Nilidhani wamekupandisha kweli. Nilifurahi, Otakar. Nilivuka lile daraja nikisema moyoni, angalau sasa ataacha kuninunia."

Aliinuka, akachukua fimbo yake, na Darlene akamfuata akiwa na sahani bado mkononi.

Kiangazi kizima Julius hakuonekana kwetu. Kanisani alihamia upande wa pili. Jumanne mjomba alikaa barazani ameweka viti viwili, na nikimwambia aingie ndani alinifukuza kwa mkono. Mara moja alikwenda mpaka langoni kwa Sladek, akasimama, akarudi.

Mvua za kwanza za vuli zilipoanza, tulisikia fimbo kwenye ngazi. Julius aliingia bila kubisha hodi, akavuta kiti, akamwaga domino mezani.

"Sijakusamehe," alisema. "Ila wazee wote wa hapa hawajui kucheza. Anza wewe."

Mjomba wangu alizigeuza domino kifudifudi, akazichanganya kwa viganja vyote viwili, akaanza kuchagua.