Kibuyu cha Prezida

Tegueni hiki: nakitazama, kiko kitupu, namimina maziwa, yanachacha. Weye utasema ni kibuyu kisichooshwa. Mujukuu wangu Umurerwa atasema ni programu ya laiterie yetu ya Karuba, kule tunapeleka maziwa. Wote wawili mumepata.

Programu hiyo aliiandika marehemu Théoneste, ikapima maziwa yetu vizuri mpaka ordinatere ya zamani, ile kompyuta yetu, ikakufa. Ile mupya ikaja na kompilateri yake, njo yenye kugeuza maandishi ya mutu kuwa kazi ya mashine. Ya zamani ilikuwa pole, inameza yote. Hii iko kama mama mukwe: kila mustari inauliza, "Huyu ni nani? Nani alimuleta?" Kioo kikajaa wekundu wa makosa.

Papa Védaste, prezida wa koperative, akanyoosha tai yake nyuma ya kiti cha Umurerwa.

"Binti, wageni wa kuona mashine wanafika saa sita. Wakikuta rangi mu kioo, kiti hiki ni cha Yves."

Yves ni mutoto wa dada yake. Diploma yake ni kofia.

Umurerwa hakuwa na haraka. Alishika kosa la juu kabisa, akaniambia: "Koko, hili njo mama. Yale mengine ni watoto wake." Akalirekebisha, kundi zima likatoweka. Akashuka hivyo hivyo mpaka wekundu ukaisha. Yakabaki maonyo ya manjano.

"Na haya yanataka nini?" prezida akauliza.

"Yanasema kuna vibuyu vya hesabu, mahali mashine inaweka namba, ambavyo Papa Théoneste hakuviosha. Ordinatere ya zamani ilikuwa inaviosha yenyewe. Hii haioshi, inahesabu juu ya uchafu uliomo. Unipe lisaa limoja niweke zero mu kila kimoja."

"Kwani yanazuia programu?"

"Hapana, Papa. Yanaonya tu."

"Basi yanyamazishe!"

"Mbwa akibweka, Papa, tunaangalia mwizi."

"Toka mu kiti!"

Yves akaketi, akabonyeza, manjano yote ikazimika. Makofi! Prezida akashukuru kompilateri kwa kutambua uongozi bora.

Wageni walipofika, prezida akamimina mu mashine bidoni yake ya kwanza ya maziwa: litre kumi. Kioo kikaandika milioni mbili.

"Ngombe yangu iko ya race, ya damu bora!" akasema, bila haya.

Mama Béata akamimina yake. Kioo: chini ya zero, litre mia tisa.

"Mama," Yves akasema, "hayo maziwa ya deni utayaleta kesho."

"Nimukamue nani? Weye?"

Wamama wote wakafunika bidoni zao. Mugeni mumoja akauliza ni nani aliyetengeneza mashine hii. Prezida akaangalia dari. Yves akainuka pole pole, akaenda kutafuta kofia yake iliyokuwa kichwani.

Umurerwa akarudi mu kiti, hakuna aliyemukataza. Tulingoja lisaa lake mu kivuli. Kisha Mama Béata akamimina tena: litre nane. Vigelegele! Na bidoni ya prezida: kumi.

Prezida akainama kwa sikio la mujukuu wangu.

"Binti, kile kibuyu changu mimi... hauwezi kukiacha bila kukiosha?"