Sari ya Kijani Mtoni Narmada

Phulwati aliitambua sari ile kabla hajamtazama aliyeishika. Ya kijani, yenye pindo la dhahabu. Sikukuu ya taa iliyopita aliikuta kwenye sanduku la mumewe, Gendalal, akairudisha kimyakimya na kusubiri apewe. Alisubiri mpaka akachoka. Sasa ilikuwa mikononi mwa Rambai, muuza maua wa pale kwenye ngazi za mto.

"Umeitoa wapi, dada?"

"Nimepewa," Rambai akajibu kwa tabasamu. "Na sisi tuna watu wetu."

Wivu ulimshika Phulwati. Siku hiyo wanawake wa kijiji walikuwa wanamvika Mama Narmada, mto wao wanaouabudu kama mungu wa kike. Kila mmoja alileta sari yake, zikafungwa moja kwa nyingine, na wanaume wenye mitumbwi, Gendalal akiwemo, wakawa wanazivusha mpaka ng'ambo. Phulwati alikuwa ametoa sari yake nyekundu ya harusi, na kwa bahati mbaya ya foleni ilibidi aifunge na ile ya Rambai.

"Kaza fundo, wifi," dada yake Gendalal akamtania. "Ukilegeza, Mama atabaki uchi!"

Wanawake wakaimba kisa cha Mama mwenyewe. Alimvisha kijakazi wake Juhila vito vyake, akamtuma akamwone mchumba, na mchumba akamchukua kijakazi. Mama akageuka, akaenda zake magharibi peke yake, na mpaka leo hajaolewa. Wewe ndiye utakayenielewa, Phulwati akamwambia moyoni. Kisha akalifunga fundo kwa vidole vilegevu.

Katikati ya mto likafunguka, tena mbele ya mtumbwi wa Gendalal. Ncha nyekundu iliangukia karibu kabisa na mkono wake. Ya kijani ilikuwa mbali. Gendalal akairukia ya kijani, nusura mtumbwi upinduke, akaikumbatia kifuani ikiwa inachuruzika maji. Nyekundu ikazama pembeni yake, hata hakuitazama.

Nyimbo zikakatika. Rambai akainamisha uso. Phulwati alitaka kujua, na sasa alijua, na kijiji kizima kilijua pamoja naye. Iliuma kuliko alivyodhani.

Akaanza kutembea ukingoni.

"Wifi, unakwenda wapi? Na sari yako je?"

"Wakiiopoa, mpeni Rambai. Ya harusi hana."

Akashika njia ya kwao, upande ule ule maji yanakokwenda, na hakugeuka nyuma.