Twiga Chini ya Ngao

Nosim alitia sahihi akiwa amesimama, karatasi ameilaza juu ya mfuniko wa sufuria. "Sawa," alisema, kama alivyokuwa akisema tangu mwezi wa sita: sawa kwa waliochagua jeneza, sawa kwa mchungaji, sawa kwa binti yake Jackline aliporudi kazini Usa River siku ya tatu baada ya mazishi. Hakuwa na uchungu. Hakuwa na chochote. Majirani walimsifu kwa moyo wake mgumu, naye alishangaa, maana moyo wenyewe hakujua uko wapi.

Karatasi hiyo iliwaruhusu watafiti kufuta chokaa pangoni. Pango liko korongoni, mwisho wa shamba la marehemu mumewe, Solomoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Mvua za mwaka jana zilipenya hadi ukutani zikaosha masizi, ikaonekana miguu minne myekundu ikichungulia chini ya ngao nyeupe. Evelyn, binti wa Kichaga aliyesomea michoro ya kale, alipoiona alikaa chini akalia kwa furaha. Ni twiga, alisema, tena wa maelfu ya miaka. Hiyo ngao ni ya juzi tu, vijana wamejichorea.

Vijana hao walikuwa na majina. Ngao aliichora Solomoni, na Lesian, mdogo wake, alikuwepo. Lakini pango lilikuwa orpul, mahali morani walipojitenga kula nyama, na nyama hiyo mwanamke haioni, wala habari zake hasimuliwi. Lesian siku hizi ni mzee wa kanisa, Jumapili huvaa suti na tai. Hata hivyo shemeji yake alipoletewa karatasi, yeye aligeuka kutazama mbuzi. Aanzie wapi? Akanyamaza kwa adabu, jamani, adabu isiyo na kazi, na Nosim akatia sahihi kazi ya mkono wa mumewe ifutwe.

Siku ya kazi Evelyn alipanda hadi nyumbani.

"Shikamoo, Mama Jackline. Njoo uone basi, ni pango lako."

"Marahaba. Sisi wanawake hatuingiagi humo."

"Mimi ni mwanamke, mama, na nimeshinda humo wiki nzima."

Nosim akamfuata. Si kwamba alishawishika. Kukataa kulihitaji nguvu.

Ngao ilikuwa na urefu wa mtoto anayeanza shule, chokaa iliyokandwa kwa mafuta ya kondoo. Evelyn alilowesha pamba kwa dawa, akaizungusha pembeni taratibu. Kipande cheupe kikaondoka, likatokea goti jekundu. Nosim akatazama goti. "Sawa," akasema.

"Shemeji." Lesian alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Hiyo ni ya Solomoni."

"Ya Solomoni kivipi?"

"Aliichora yeye. Mimi nilisaga chokaa, yeye akachora kwa kidole. Tukamcheka kwamba imepinda."

Imepinda, kweli. Na katikati, mistari inapokutana, kidole kilikuwa kimeteleza kikaacha alama nzima, pana, ya mtu asiyejua kufanya jambo polepole. Nosim alikijua kidole hicho. Kilikuwa kikionja uji wake kabla haujapoa, kila asubuhi, miaka ishirini na sita.

"Ulijua tangu siku ya karatasi?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Mambo ya orpul, shemeji. Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo, Lesian! Kwa huo mdomo ulio nao!"

Sauti yake iligonga mwamba ikamrudia. Alikuwa na hasira. Hasira kwelikweli, imempanda kutoka magotini, inachoma kama mguu uliokufa ganzi damu inapoanza kurudi, naye akaishikilia kwa hofu isije ikamtoka.

Evelyn alikuwa ameshusha pamba, uso umemsawajika. "Mama, tukiishia hapa kichwa chake hatutakiona. Shingo yote iko chini ya ngao."

"Amekaa humo miaka mingapi?"

"Elfu tatu. Pengine zaidi."

"Basi ameshazoea."

Evelyn akafunga chupa ya dawa, akaikaza sana.

"Naomba hiyo pamba," Nosim akasema.

Akapewa. Ilikuwa na weupe kidogo upande mmoja. Aliinusa: mafuta yaliyochacha, moshi wa zamani. Akakaa chini palepale alipokatazwa kukaa, akalia kwa sauti, bila kujifunika uso.

Lesian akavua koti, akalitandika kando yake, akakaa.

"Tulileta dume jeusi la ng'ombe," alianza. "Solomoni ndiye aliyelivuta kutoka mtoni, na njia nzima alikuwa anaimba vibaya."

"Endelea," Nosim akasema.